Pambo la Mji na Wenye Mji

Babu yangu mzaa mama hakuwahi kusema kwamba alipigana vita. Alisema, "Nilibeba." Akiulizwa alibeba nini, alijibu kwa mkato: masanduku ya risasi, magunia ya unga, mahema, na mara nyingine mzungu mgonjwa kwenye machela. Alianza kwa kuwabebea Wajerumani akaishia kuwabebea Waingereza, na kwa maneno yake mwenyewe kiboko cha huku na cha huko kilikuwa kimoja. Utosini alikuwa na kibonde kidogo kisichoota nywele. Sisi wajukuu tulikuwa tukikitia kidole huku tukicheka, naye akituacha.

Namkumbuka mzee huyu kila nipitapo pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, katikati ya Dar es Salaam. Amesimama pale askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na aliyetunga maneno yake ni Mwingereza pia, Rudyard Kipling. Wapagazi wametajwa katika maandishi hayo. Lakini aliyepandishwa juu ni mwenye bunduki. Babu yangu yumo katika maneno. Katika shaba hayumo.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu siku hizi mjini kwetu imezuka shauku ya kupamba. Kuta zinachorwa, makutano ya barabara yanawekewa vinyago, na kila mara tunaambiwa kuwa lengo ni kusherehekea jamii na urithi wa mji. Maneno hayo ni matamu na sina ugomvi nayo. Mimi ni mzaliwa wa Kariakoo, nimezeekea humu humu, na hakuna ambaye angefurahi kuliko mimi kuona mji huu ukijitambua. Ninachopinga ni namna jambo lenyewe linavyofanywa. Nasema wazi, na anayetaka kunijibu anijibu: pambo la mji ambalo wenye mji hawakuulizwa si urithi wa mtu. Ni tangazo la mwenye fedha, hata likichorwa kwa ustadi wa namna gani.

Tazama kwanza historia ya mapambo yetu. Kabla ya askari huyu wa shaba, mji ulikuwa na sanamu nyingine iliyowekwa na Wajerumani. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri bin Salim vilivyoanza mwaka 1888. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Aliyemshinda akapewa sanamu. Katika sanamu hiyo Wissmann alisimama juu, na chini ya miguu yake akawekwa askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama bwana wake, huku akimfunika simba aliyeuawa kwa bendera ya Mjerumani. Hiyo ndiyo iliyokuwa picha yetu katika mji wetu: mtu wa chini anayemtazama mtu wa juu.

Waingereza walipoingia mjini Septemba 1916, sanamu ile iliondolewa, na baadaye ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Huko nako haikudumu. Mwaka 1968 wanafunzi waliiangusha kwa kamba, kwa sababu waliona aibu kusoma chini ya mtu yule. Hapa kwetu jina lake limebaki kwa njia ya ajabu. Wazee wa mji huu waliizoea sanamu ya askari wa mwaka 1927 kwa jina la Bismini, na kila nilisikiapo jina hilo masikio yangu husikia ndani yake jina la Wissmann. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaweka wake, na watu wakaendelea kuita vilevile. Hawakuona tofauti kubwa ya kuwafanya wabadili jina. Huo nao ni uhakiki wa sanaa, na sijasoma katika vitabu uhakiki mkali kuliko huo.

Sasa twende Kariakoo, kwa maana huko ndiko kwenye kiini cha maneno yangu. Wajerumani walikuwa wamepatenga pale pawe makazi ya Waafrika. Waingereza walipouchukua mji wakawapigisha kambi hapo wapagazi wao, ambao kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukalichukua jina hilo, ukalitafuna, ukalitema likiwa Kariakoo. Nairobi nako walifanya vivyo hivyo, wakapata Kariokor. Basi mamilioni ya watu waliopita katika soko lile wakanunua nguo, mchele, dawa za mitishamba na vipuri vya baiskeli, kila mmoja wao amelitaja jeshi la wapagazi bila kujua. Hao wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa homa na kwa mizigo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Miaka mia moja baadaye!

Lakini si jina la Kariakoo peke yake. Tembea katika mitaa yake usome vibao. Kuna Mtaa wa Narung'ombe. Narung'ombe ni mahali katika bara ya Kilwa palipopiganwa Julai 1917. Kuna Mtaa wa Tandamuti. Tandamuti ni kilima upande wa Lindi, na hapo palipiganwa Agosti mwaka huo huo. Kuna Mtaa wa Mahiwa. Mahiwa nako ni Lindi, na mwezi wa Oktoba 1917, katika siku nne tu, watu walianguka hapo kwa maelfu, waliokufa na waliojeruhiwa. Kariakoo ni kitabu cha vita ile kilichofunguliwa wazi barabarani, nasi tunakanyaga kurasa zake tukitafuta bei nafuu ya vitenge. Siku moja nilimwuliza kijana mmoja mwenye duka Tandamuti kama anajua jina la mtaa wake limetoka wapi. Akanitazama kwa heshima na huruma, kama mtu anavyomtazama mzee aliyeanza kupotewa na akili, akaniambia, "Ni mtaa tu, mzee wangu." Sikumlaumu. Nani aliwahi kumwambia?

Hapo ndipo msanii angekuwa na kazi. Hapo ndipo penye urithi wa mji, tena hauhitaji kuagizwa kutoka popote. Sasa nikueleze, ndugu msomaji, nilichokiona kwa macho yangu pale wasanii na wafadhili wao walipokuja kwetu kuutafuta urithi huo.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye mkutano katika ukumbi wa shule. Palikuwa na mradi wa kuchora ukuta mrefu ulio kando ya barabara, na walioleta mradi walitaka kusikia maoni ya wananchi. Sitautaja mradi huo wala waliougharimia, kwa sababu sitaki ugomvi na mtu, na kwa sababu ninavyosikia miradi mingi ya aina hiyo inafanana. Tuligawiwa maji ya chupa na kalamu. Kijana mmoja mwenye adabu sana akasimama, akabandika karatasi kubwa ukutani, akasema, "Shikamooni wazee. Leo sisi hatuna la kusema, tumekuja kuwasikiliza. Nyinyi mnataka mtaa wenu ukumbukwe kwa lipi?"

Nilifurahi. Watu wakaanza kusema, na kila lililosemwa likaandikwa. Mmoja alitaja bomba la maji lililokuwa likikusanya wanawake alfajiri, ambapo habari zote za mji zilijulikana kabla redio haijazisema. Mwingine akataja vikundi vya ngoma vya akina mama, maana wakati wa kudai uhuru ni vikundi hivyo vilivyoijaza TANU wanawake, na ndimo alimotoka Bibi Titi Mohamed. Wengine wakataja mpira, Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani, ukumbi ukachangamka kwa kelele. Mzee mmoja alitaja mwalimu wa chuo aliyetufundisha Kurani sote, aliyekuwa akitulipisha kuni badala ya fedha. Mimi nikataja wapagazi. Mwisho akasimama bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akasema maneno machache: "Wanangu, chochote mtakachochora, msituchore tukiwa wazuri kuliko tulivyokuwa. Tutajicheka." Watu wakacheka. Nalo hilo likaandikwa.

Karatasi zile zikakunjwa, zikaondoka na gari. Baada ya miezi michache wakaja wachoraji kutoka mahali pengine, wakafanya kazi siku kumi. Ulipofunuliwa ukuta tulikuta twiga watatu, mbuyu, jua linalozama, na Mmasai anaruka. Juu yake yakaandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa za rangi saba, maneno ya kuusifu mji na watu wake. Utepe ukakatwa. Hotuba zikatolewa. Fulana zikagawiwa, na mimi nilipata yangu, mke wangu akaifanya dekio.

Mimi sina neno na twiga. Ni mnyama mpole na ni nembo ya taifa letu. Wala sina neno na ndugu zetu Wamasai, ambao wengi wao wanalinda maduka ya Kariakoo usiku kucha katika umande, na kama angechorwa mmoja wao ameketi kwenye kigoda mbele ya duka, rungu mapajani, ningepiga makofi. Neno langu ni kwamba twiga hajawahi kupita Mtaa wa Mahiwa. Ukuta ule ulichorwa kwa ajili ya mtu asiyekaa Kariakoo na asiyetaka kuijua, mtu anayetaka Afrika iwe ile ile aliyoiona kwenye kadi ya posta. Sisi tuliitwa mkutanoni ili taarifa ya mradi ipate kusema kwamba tuliitwa.

Jambo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Katika mtaa wetu alikuwako mchora mabango aliyefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Vinyozi wote walikuwa na vichwa alivyovichora yeye. Mabucha yote yalikuwa na ng'ombe wake. Aliweza kuandika herufi kwa mkono mtupu, bila rula, zikanyooka kama zilizopigwa chapa. Mtu huyu hakuitwa kuchora. Alikodiwa ngazi. Ndiyo, ndugu msomaji, waliiazima ngazi yake ndefu kwa siku kumi wakamlipa ujira wa ngazi, naye alikaa barazani akiitazama ngazi yake ikifanya kazi ambayo yeye hakupewa.

Haukupita mwaka ukuta ule ukapakwa upya, rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, likawekwa tangazo la kampuni ya simu. Twiga wakaenda, Mmasai akaenda, jua likazama kwelikweli. Nilingoja nione nani atalalamika. Hakuna. Hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, hakuna aliyeuliza, hakuna hata aliyesema "masikini". Watu walipita tu, kama walivyopita mwanzo. Lakini miaka ile ile gari la mizigo lilirudi nyuma likagonga bango la kinyozi mmoja wa mtaani, likalipasua lile bango la vichwa sita alilolichora jirani yetu. Vijana wa kijiwe walichanga fedha jioni ile ile ili lichorwe upya. Hawakuambiwa na mtu. Lilikuwa lao. Mmoja wa vile vichwa sita, walisema, ni marehemu rafiki yao.

Basi huo ndio mtihani, na hauhitaji mtaalamu kuusahihisha: pambo likiharibika, nani atalia? Likiwa halina wa kulililia, halikuwa urithi hata siku ya kwanza.

Najua nitajibiwa. Wako watakaosema, "Mzee, watu hawana maji, barabara zina mashimo, nawe unahangaika na michoro." Hawa nawaheshimu, lakini wanakosea. Fedha za michoro ile hazikuchukuliwa kwenye mfuko wa maji. Zilikuja kama fedha za michoro na zimekwenda zake. Tena maskini naye ana kumbukumbu, na kumwambia ajaze kwanza tumbo ndipo akumbuke baba yake ni kumfanya mnyama. Wako watakaosema kwamba sanaa ni kazi ya wataalamu, na kwamba ukiwauliza watu wote utapata mchoro wa kamati, usio na kichwa wala miguu. Hoja hii ina uzito kidogo. Ni kweli msanii lazima aachiwe mkono wake. Lakini kumwachia mkono si kumwachia na kumbukumbu zetu. Fundi wa milango wa Unguja alijua kuchonga kuliko mwenye nyumba, hata hivyo hakuchonga mpaka amwulize mwenye nyumba ni nani na mlango unaingia wapi.

Wala si kwetu tu. Majirani zetu wa Kenya wamelionja jambo hili. Mwaka 2024 mji wa Eldoret ulipokuwa ukijiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji, ziliwekwa sanamu za kuwaenzi wanariadha, maana huko ndiko nyumbani kwa wakimbiaji wanaojulikana dunia nzima. Ilikuwa nia njema. Lakini zilipoonekana mwezi wa Aprili, nchi nzima ilicheka, na muda si muda zikang'olewa. Watu walicheka kwa sababu wanawajua wakimbiaji wao. Huwezi kumletea mtu sura ya ndugu yake ukadhani hatakagua.

Lakini Kenya hiyo hiyo imetupa mfano wa upande wa pili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walipokuwa wakiuana, kijana mchoraji wa Kibera, Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo 7, alichukua brashi na rangi akaenda akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, kwenye mageti, kwenye mabati na hata barabarani. Hapakuwa na mfadhili wala utepe. Herufi zake zilikuwa za haraka haraka, za mtu anayejua kwamba dakika ijayo inaweza kuja panga. Ukiniuliza mimi sanaa ya mji inayosherehekea jamii ni ipi, nitakuonyesha hiyo. Ilifanywa na mtu wa pale, juu ya jambo ambalo watu wa pale walikuwa wanalifia.

Na kwa wale wasiosadiki mpaka watolewe mfano wa Ulaya au Marekani, nao upo. Katika mji wa Philadelphia, mwaka 1984, serikali ya mji ilikuwa imechoshwa na vijana waliochafua kuta kwa rangi. Mchoraji Jane Golden alipewa kazi ya kushughulika nao. Badala ya kuwafukuza akawatia brashi mikononi, wakachora kuta za mitaa yao wenyewe. Leo michoro ya mji ule inahesabiwa kwa maelfu. Ninachokitazama hapo ni jambo moja: kazi ilianza na wale waliokuwa tayari na rangi mikononi. Sisi tulikodi ngazi.

Pana mambo mawili zaidi ambayo ukuta wetu ulinifundisha. La kwanza ni lugha. Waingereza walipoweka sanamu ya askari mwaka 1927 waliandika maneno yake kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe wakakiandika kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu walijua kuwa watu wengi wa mji wanasoma za Kiarabu. Mkoloni, ambaye hakutupenda, alijali tusome. Sisi tulio huru, katika mji ambao Kiswahili ndicho kinachouza, kinachooa na kinachozika, tunachora ukuta wa kujisifu kwa Kiingereza! Sijui tumsifie nani asikie.

La pili ni imani. Kariakoo ina misikiti mingi, na wako wazee wetu ambao hawapendi sanamu wala picha ya kiumbe hai ukutani. Unaweza usikubaliane nao. Lakini huwezi kusema unasherehekea jamii yao bila kuwauliza. Wangeulizwa, wangesema kwamba watu wa pwani hawakuwa masikini wa sanaa hata kidogo. Walitia nakshi milango, walitia nakshi vitanda, walisuka mikeka yenye maneno, walivaa mashairi viunoni na mabegani kwa jina la kanga. Urithi wetu mwingi ni wa maandishi na nakshi, na hauhitaji mtu kusimamishwa juu ya jiwe. Hata soko letu lenyewe, lililojengwa miaka ya 1970 kwa michoro ya mwenzetu Beda Amuli, lilikuwa sanaa tosha kwa miavuli yake ya zege iliyokinga mvua juu ya vichwa vya wachuuzi. Lilipoungua Julai 2021 watu walilia, na nimekwisha kusema kilio kina maana gani.

Wala siombi Bismini ang'olewe. Wenzetu wa Hamburg waliangusha la kwao na walikuwa na sababu. Sisi yule askari tumemzoea, tumempa jina, tumeahidiana kukutana chini yake, na wako watu waliopata wachumba hapo. Mombasa nao wana yale mapembe makubwa ya Barabara ya Moi yaliyowekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza, na leo hakuna Mmombasa anayewaza ufalme anapopita chini yake. Watu wana nguvu ya kukifanya chao kile walichobandikiwa. Lakini nguvu hiyo isiwe kisingizio cha kuendelea kutubandika.

Naandika haya kwa haraka kidogo, kwa sababu Kariakoo niliyozaliwa inaondoka. Nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zimebomolewa karibu zote kupisha maghorofa. Baraza tulizokaa zimekuwa fremu za maduka. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja iliporomoka asubuhi, ikaua watu zaidi ya 20, wakiwemo watafutaji waliokuja kuuza na kununua. Kwa siku kadhaa watu walichimba kwa mikono na kwa mitambo, wakiita majina chini ya kifusi. Nilikuwa nikisikiliza habari zile nikamkumbuka babu. Hawa nao walikuwa wabebaji. Kariakoo imejengwa tena na tena juu ya watu wa kubeba, na kila mara majina yao yamekuwa ya kwanza kupotea.

Kwa hiyo nina ombi, nalo si kubwa. Enyi wenye fedha na nia njema, msituletee sanamu. Mjenge baraza. Baraza ndefu ya mawe na saruji, yenye kivuli, mahali ambapo mchukuzi wa leo anaweza kutua mzigo wake akaketi. Mwiteni fundi wa nakshi atie nakshi kingo zake. Mwiteni mchora mabango wa mtaa aandike, kwa Kiswahili, Narung'ombe ni nini, Tandamuti ni nini, Mahiwa ni nini, na Kariakoo ni nani. Yaandikwe na majina ya waliofukiwa Novemba ile, jamaa zao wakiridhia. Pawe na fungu la rangi kila mwaka na mtu wa mtaa wa kulisimamia, maana pambo lisilo na mtunzaji ni takataka iliyochelewa. Na kabla ya hayo yote ziletwe zile karatasi tulizoandika ukumbini. Sijui ziko wapi. Lakini kama zipo, lipo pia lile neno la bibi, kwamba tusichorwe tukiwa wazuri kuliko tulivyokuwa.

Babu yangu alifariki akiwa mzee sana, na hakuna aliyempa nishani. Hakuidai. Alichodai, na alikirudia mara nyingi kiasi cha kutuchosha, ni kwamba tunapotaja vita ile tusiseme alipigana. Alitaka tuseme kweli. Alibeba.